MANENO YA KATIBU WA TAWI: MAMA MWENYE MTOTO JESHINI

_Yalisomwa kwenye mkutano wa tawi. Yanatumwa hapa kwa ambao hawakufika._



Leo naomba tuwazungumzie kina mama wenye vijana jeshini, hasa walio nje ya mipaka.

Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1978. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba, hawakwenda vitani wanajeshi wa kambini peke yao. Mgambo nao waliitwa. Mama alibaki na redio, na barua ikichelewa hakuwa na wa kumwuliza. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, nchi ikashangilia. Lakini wapo mama ambao watoto wao wamelala Kaboya, Muleba, hadi leo.

Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wetu huko Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa. Vijana wetu wasiopungua 14 waliuawa. Zama hizi mama hasubiri barua. Picha inaweza kuingia kwenye kundi la simu kabla afisa wa jeshi hajapiga hodi mlangoni.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye kazi yetu. Naomba tukubaliane mambo manne:

*1.* Picha au jina la askari aliyeumia au kufa lisisambazwe na mwanachama yeyote. Ukiipokea, ifute. Jeshi lina utaratibu wake wa kuijulisha familia. Hebu fikiria mama anaitambua fulana ya mwanawe kwenye simu ya jirani.

*2.* Kila balozi awajue kina mama hawa katika shina lake. Awatembelee wakati kuna amani, asisubiri msiba.

*3.* Makaratasi yawekwe sawa mapema: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, majina ya watoto. Msiba ukitokea, mahakama itataka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia. Mimi nimesomea uhasibu, nimeona mama na mkwe wakigombana miaka kwa sababu ya karatasi moja iliyokosekana. Anayehitaji msaada wa kuandika aje ofisini, hakuna malipo. Barua ya utambulisho inatolewa na serikali ya mtaa.

*4.* Asiulizwe mama yeyote kadi ya Chama kabla ya kusaidiwa. Mtoto wake hakuulizwa analinda wanachama wa chama gani.

Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, viongozi huweka mashada na tarumbeta hupigwa. Ni jambo jema. Ila siku zinazobaki mwakani mama huyo ni jirani yetu, tunachota naye maji bomba moja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi; sisi wengine tunaweza angalau kutomwongezea.



*Katibu wa Tawi*