Mtoto Akichelewa Kutembea, Tusitafute wa Kumlaumu

(Mada iliyotolewa na mhudumu wa watoto wenye ulemavu katika semina ya wazazi)

   

Nianze na mama mmoja ambaye sitamtaja jina. Alikuja kwetu amembeba mgongoni binti wa miaka miwili na miezi mitatu ambaye alikuwa hajasimama hata siku moja. Nilipotazama kadi ya kliniki, niliona mara ya mwisho kupimwa ilikuwa miezi tisa. Nikamwuliza, "Mama, mbona uliacha kuja?" Akainamisha kichwa, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Dada, watu wanasema nimembemenda."

Wote hapa tunalijua neno hilo. Mtoto akidhoofika au akichelewa kutembea, watu husema wazazi wamekutana kabla hajaacha ziwa, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Mama mkwe alikuwa ameshatoa hukumu, majirani wakaipokea, na mume akaanza kumtilia mkewe mashaka. Yule mama akaona aibu kupanga foleni kliniki na wenzake. Akamfungia mtoto ndani kwa mwaka mmoja na nusu.

Tulipomhoji vizuri, alitueleza kwamba mtoto alipozaliwa hakulia. Wakunga walihangaika naye muda mrefu mpaka akavuta pumzi. Baada ya vipimo, daktari alisema ana mtindio wa ubongo. Ubongo wake ulikuwa umeumia, na haukuumizwa na tendo lolote la mama yake au la baba yake.

Swali la wanafunzi

Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakamwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili, kisha akashughulika na yule mtu mwenyewe. Ndugu zangu, sisi bado tunauliza swali la wanafunzi. Tunauliza "nani kakosa?" wakati tungeuliza "mtoto ana miezi mingapi, anaweza nini, na tumpeleke wapi?"

Tuhesabu miezi

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vilivyotokana na kuwafuatilia watoto wenye afya njema katika nchi za Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Wengi walitembea wenyewe wakiwa na umri wa karibu mwaka mmoja. Lakini waliowahi sana walitembea wakiwa na miezi 8, na waliochelewa walikaribia miezi 18. Wachache hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, na bado walitembea.

Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa miezi 13, asiumie moyo kwa sababu mtoto wa jirani alitembea na miezi 10. Kama mtoto wake anakaa vizuri, anajivuta asimame kwa kushika kiti, anacheza na anaitika akiitwa, ampe muda. Na kama alizaliwa njiti, asihesabu tangu siku ya kuzaliwa. Ahesabu tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyewahi kwa miezi miwili ana haki ya kupewa miezi hiyo miwili.

Lakini miezi 18 ikitimia na mtoto hajatembea, tusiseme tena "atatembea tu". Apelekwe akachunguzwe. Hapa Tanzania ni rahisi kukumbuka, kwa sababu tangu mwaka 2014 mtoto anapata chanjo ya pili ya surua na rubela akiwa na miezi 18. Siku hiyo usirudi nyumbani kabla hujamwambia muuguzi, "Mwanangu hajatembea."

Dalili ambazo hazingoji miezi 18

Zipo dalili zinazotaka mzazi aende mapema zaidi:

- Miezi 4 imepita, shingo bado haijakaza.
- Miezi 9 imepita, hajaweza kukaa bila kushikiliwa.
- Miguu imekakamaa na kupishana kama mkasi, au mwili wote ni mlegevu.
- Anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, au mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine.
- Kichwa kinakua kwa kasi isiyo ya kawaida.
- Alikuwa anaweza kukaa au kusimama, sasa hawezi tena.

Na mtoto ambaye mguu au mkono wake umelegea ghafla apelekwe siku hiyo hiyo. Wahudumu wa afya wanatakiwa kutoa taarifa ya kila mtoto wa namna hiyo kwa sababu ya ulinzi dhidi ya polio.

Sababu ni nyingi

Wengine huchelewa tu, kama baba au mama yao alivyochelewa, na hawana ugonjwa wowote. Wengine wana utapiamlo: mwili hauna nguvu ya kusimama. Wengine wamepungukiwa vitamini D, mifupa inakuwa laini na miguu inapata matege. Hili huwapata hasa watoto wanaofungiwa ndani bila kuona jua. Wapo waliougua malaria kali iliyopanda kichwani, au manjano makali walipozaliwa. Wapo waliozaliwa na mguu kifundo, na huyu akianza kufungwa plasta wiki za mwanzo baada ya kuzaliwa, mara nyingi mguu hunyooka bila operesheni kubwa. Hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi zimezoea kazi hiyo.

Mnaona kwamba kila sababu ina njia yake. Chale hazinyooshi mfupa. Kumfukia mtoto mchangani hadi kiunoni hakumpi nguvu, na kunaweza kumwumiza. Hata vile vigari vya magurudumu vya kumkalisha mtoto ajifunze kutembea havimharakishi, na vimeangusha watoto wengi kwenye ngazi. Canada ilivipiga marufuku mwaka 2004.

Tufanye nini nyumbani?

Mtandikie mtoto mkeka, umwache acheze chini kila siku, tumbo likiwa chini akiwa macho na wewe ukiwa karibu. Mwekee kikombe au bunzi la mahindi mbali kidogo alifuate. Mwache peku ndani ya nyumba, nyayo zijifunze ardhi. Mtoe nje apate jua. Mchanganyie uji wake karanga, maziwa au dagaa waliosagwa. Na aliyepewa mazoezi na mtaalamu wa viungo, ayafanye kila siku, si siku ya kwenda hospitali tu.

Yule binti

Baba yake tulimwita. Alikuja siku ya tatu, amenuna. Daktari akamweleza mbele ya mkewe jinsi ubongo unavyoumia mtoto asipopata hewa. Alinyamaza muda mrefu. Wiki iliyofuata alikata miti miwili, akaisimika uani, mmoja huku na mwingine huku, kwa kimo cha kifua cha mtoto. Binti akaanza kushika na kusimama katikati.

Sasa umepita mwaka. Anapiga hatua sita, saba, akiwa ameshika miti ile. Sitawadanganya kwamba atakimbia kama wenzake. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kukakamaa tulipompata, na kila mkutano wa mazoezi najiuliza angekuwa wapi leo kama angeletwa akiwa na miezi tisa. Kilichomchelewesha miezi ile 18 ya kufungiwa ndani hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa maneno yetu.

Hivyo ombi langu ni dogo. Ukirudi mtaani kwako na kusikia mama anasemwa kwamba kambemenda mtoto, usichangie. Mfuate nyumbani kwake, mwulize mtoto ana miezi mingapi, kisha msindikize kliniki. Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu alikuwa na watu wanne wa kumbeba. Mama huyo anahitaji hata mmoja.