Kupe Aliyeshiba Asitupwe Zizini

Alfajiri, kabla ya kukamua, mfugaji wa Kitui hupapasa masikio na kiwele cha ng'ombe wake. Akimkuta kupe aliyevimba humng'oa, kisha humtupa hapo hapo zizini. Limekemewa mara ngapi jambo hili? Na bado, kuanzia Mwingi hadi Kibwezi, kupe wanatupwa chini wakiwa hai.

Kupe aliyeshiba hana haja tena na ng'ombe. Kilichobaki kwake ni kutaga tu. Jike wa Amblyomma, yule kupe mkubwa wa rangi anayeeneza maji moyo, anaweza kutaga mayai hadi 20,000.

Tena mayai hayo hayaendi mikono mitupu. Kupe huishi kwa damu pekee, na damu ina upungufu mkubwa wa vitamini B. Anayemtengenezea vitamini hizo ni bakteria anayeishi mwilini mwake, na jike huwarithisha watoto bakteria huyo ndani ya yai. Ushahidi ulitoka kwa papasi, wale kupe wa nyufa za nyumba za udongo wanaoleta homa ya papasi. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa, Olivier Duron na wenzake, waliwaua kwa antibiotiki bakteria wa papasi, jamii ya Francisella. Papasi walinyonya damu lakini wakadumaa. Walipopewa vitamini B, wakakua.

Kuna watakaosikia hivyo wakimbilie agroveti kununua sindano ya antibiotiki. Wasithubutu! Hiyo si dawa ya kupe, na mabaki yake huingia kwenye maziwa ya watoto. Ndigana kali yenyewe, ugonjwa unaoenezwa na kupe, haisababishwi na bakteria.

Wengine huwaachia watoto kazi ya kupasua kupe kwa kucha. Hiyo nayo ni hatari. Amblyomma wa Kenya wamekutwa na Rickettsia africae, bakteria mwingine anayerithiwa kupitia yai, na huyu humletea binadamu homa kali na maumivu ya kichwa. Nyumbani homa hiyo huitwa malaria, dawa za malaria zikamezwa, na homa isishuke.

Na wale wanaozimua dawa ya kupe ili bomba moja litoshe kundi zima wanafuga kupe sugu. Kipimo kimeandikwa kwenye chupa, kifuatwe.

Kupe aliyeng'olewa atumbukizwe kwenye kopo lenye dawa ya kuogeshea iliyochanganywa kwa kipimo, au achomwe moto. Kopo liwe na kifuniko, mbali na watoto. Kabla ya mvua za Novemba, kila zizi la Kitui na Makueni liwe na kopo lake.