Kahawa Ingali Maua



Katika milima ya Rwenzori, mkulima mwenye dhiki huuza kahawa yake ingali maua, kwa bei aipendayo mnunuzi. Msimu ufikapo, jasho huwa lake, faida ya mwingine. Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla hayajaonekana kukomaa, na katika Suratul Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe.

Basi mwenye busara huweka daftari: upande mmoja mapato, upande wa pili matumizi. Siku ya mavuno hutenga kwanza ada ya shule na akiba ya miezi ya dhiki, ndipo anunue kanzu mpya. Ajizuiaye wakati wa mavuno hapigi hodi kwa mnunuzi wakati wa maua.

Wabillahi taufiq.