Mtu wa Nne katika Mfano wa Msamaria
Dominika ya 15 ya Mwaka C (Lk 10:25-37)



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya leo hata mtoto wa mafundisho ya Komunyo ya kwanza anaweza kuisimulia bila kitabu. Tunamjua kuhani aliyepita kando, tunamjua Mlawi, tunamjua Msamaria. Lakini yuko mtu wa nne ambaye ni nadra kumhubiri. Msamaria alimfikisha majeruhi kwenye nyumba ya wageni, akamwuguza usiku ule, na kulipokucha akatoa dinari mbili, akamkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba, akashika njia. Tangu hapo kazi yote ni ya huyo aliyebaki. Ndiye atakayepasha maji moto, ndiye atakayebadili vitambaa vya vidonda, ndiye atakayeamka mgonjwa akiugua usiku. Naye Bwana wetu hakututajia jina lake.

Tuitazame nyumba yenyewe. Njia ya Yerusalemu kwenda Yeriko ina urefu wa kilometa 27 hivi, nayo inateremka kutoka milimani hadi chini ya usawa wa bahari. Zama zile mwenye jamaa alilala kwa jamaa yake. Nyumba ya kulipia ilikuwa kimbilio la asiye na mtu. Wala nyumba hizo hazikuwa na sifa njema. Sheria ya Kirumi iliwabana wenye nyumba za wageni walipe mali ya mgeni iliyopotea humo, kwa kuwa hawakuaminiwa. Mtakatifu Luka, kwa Kigiriki, anaiita pandokeion, yaani mahali panapopokea wote, na neno hilo hulikuti penginepo katika Agano Jipya. Dinari mbili nazo ni ujira wa kibarua wa siku mbili tu. Basi tuseme wazi: ilikuwa gesti, tena ya bei nafuu. Origene, mwalimu mkubwa wa karne ya 3, alifundisha kwamba nyumba hiyo ni mfano wa Kanisa. Angeweza kuchagua jengo la heshima zaidi, lakini hakuchagua.

Gesti mnazijua. Tangu miaka ya 1990 hadi mwaka 2023 mabasi ya abiria hapa Tanzania hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha, na aliyetoka Bukoba kwenda Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,300, alijua kwamba atalala njiani. Wengi walijikunja vitini ndani ya basi. Mwenye visenti alitafuta chumba karibu na stendi. Pale mapokezini lipo daftari kubwa: jina, utokako, uendako. Unapewa ufunguo, kipande cha sabuni, na kandambili zilizokatwa pembe moja ili zisiibwe. Chandarua kina viraka. Alfajiri unakuta ndoo ya maji mlangoni, nawe huulizi imeletwa na nani.

Katika gesti moja ya Singida niliona mama akiingia saa nne za usiku na mtoto mwenye homa kali. Alikuwa anampeleka Muhimbili, na fedha aliyobakiwa nayo ilikuwa ya nauli na chakula. Mhudumu, binti wa miaka ishirini hivi, alimsikiliza, akamwongoza kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi, akaleta karai la maji na kitambaa, wakamkanda mtoto pamoja. Yeye mwenyewe alikesha kwenye benchi. Asubuhi nilipomwuliza kama hatapata matatizo, alijibu: “Padre, vyumba ni vya bosi, lakini kitanda cha zamu ni changu.” Nikamwuliza anasali wapi. Akainama, akasema Jumapili huwa yuko kazini, tena katika jumuiya yao wanamwita “yule wa gesti”, kwa hiyo ameacha kwenda.

Ndugu zangu, sitaficha kwamba ndani ya baadhi ya nyumba hizo hutendeka dhambi. Wako wenye nyumba wanaokodisha vyumba kwa saa, nao wanajua kwa nini. Wako wageni wanaogonga mlango wa mhudumu usiku wa manane. Lakini tuulizane kwa haki: wanaoingia humo kwa uzinzi wanatoka wapi? Wengine wanatoka katika nyumba zetu, na Jumapili wanakaa viti vya mbele. Binti yule hufua shuka ambazo hakuzichafua yeye. Kisha jina baya tunampa yeye.

Mji ule ule wa Yeriko ulikuwa na mwanamke aitwaye Rahabu. Maandiko hayafichi maisha yake. Wapelelezi wa Yoshua walilala kwake, na Yosefo, mwanahistoria Myahudi, huiita nyumba hiyo nyumba ya wageni. Mwanamke huyo aliwaficha wageni kwa kuhatarisha shingo yake, na Mtakatifu Matayo amemwandika katika ukoo wa Bwana wetu Yesu Kristo.

Wako Wakristo wenzetu wanaomiliki gesti. Kwao nasema hivi: mlango wa chumba cha mhudumu uwe na komeo imara kwa ndani, msimwache binti peke yake zamu ya usiku, na mgeni akizidiwa na ugonjwa, msimtoe nje kwa kuhofia usumbufu. Sisi wasafiri nasi tulipe kabla ya kuondoka, tusiharibu vitu, na tumwamkie mhudumu kama tunavyowaamkia watu wa nyumba tunazozuru.

Makatekista mna kazi wiki hii. Kila gesti ina saa zake za utulivu: wageni wa jana wamekwenda, vyumba vimedekiwa, shuka ziko kambani. Mara nyingi ni kati ya saa nane na saa kumi za mchana. Asiyeweza kufika jumuiyani siku za kawaida anaweza kufikiwa saa hizo, kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Paroko akiarifiwa mapema, hata Misa ya jumuiya yaweza kuadhimishwa pale pale uani, kabla mabasi ya jioni hayajaingia stendi.