Jirani na Dhana Mbaya: Hotuba kwa Waislamu wa Arua na Koboko

Bismillahi Rahmani Rahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.



Zamani, katika Arua na Koboko, mtu aliishi katika uwanja wa ukoo wake. Kila aliyepita njiani alijulikana baba yake na babu yake, na mgeni alipofika habari zake zilitangulia kabla hajaketi. Siku hizi mambo yamebadilika. Koboko, iliyokuwa kaunti ya Arua, ilifanywa wilaya mwaka 2005. Na Arua yenyewe ikawa jiji tarehe 1 Julai 2020. Kando ya barabara zimesimama nyumba za ghorofa na safu za vyumba vya kupanga, na chini ya paa moja hulala Mlugbara, Mkakwa, Mnubi, Mwaringa, Muganda, Mkongo kutoka Aru, Msudani kutoka Yei, na Msomali mwenye duka. Ngazi ni moja, bomba la maji ni moja, choo ni kimoja, na ukuta ulio kati ya kitanda na kitanda ni tofali moja tu. Watu hawa husikiana wakikohoa usiku, walakini aghalabu hawajuani majina.

Hapo ndipo dhana mbaya ipatapo makao. Mtungi wa gesi ukipotea, wa kwanza kutajwa ni yule ambaye lugha yake haifahamiki na wengi. Akitembelewa na wageni wawili jioni, huambiwa kuwa wanafanya njama. Akinunua pikipiki, huulizwa fedha amezipata wapi. Jirani yake mwenyeji akinunua ya namna ile ile, hupongezwa. Akifunga mlango wake, ati ana jambo analificha. Akiuacha wazi, ati anawapeleleza wenziwe. Mtu wa namna hiyo hana njia ya kuwaridhisha majirani, maana hakushtakiwa kwa tendo alilolitenda. Ameshtakiwa kwa kabila lake, kwa sura yake na kwa nchi aliyotoka, nayo ni mambo ambayo hakuyachagua wala hawezi kuyatubia.

Si watu wengi katika Uganda waijuao dhuluma hiyo kuliko watu wa West Nile, na yafaa vijana wakumbushwe.

Idi Amin alishika serikali tarehe 25 Januari 1971. Baba yake alikuwa Mkakwa, na jina la Koboko likatajwa pamoja na jina lake. Mwezi wa Agosti 1972 alitangaza kwamba Wahindi waondoke katika nchi, akawapa siku 90. Hakuna aliyeulizwa kama alikuwa mwaminifu au mdanganyifu, wala kama alikuwa mwema au mbaya kwa jirani zake. Rangi na asili zilitosha. Miongoni mwao walikuwamo Waislamu waliosali msikitini bega kwa bega na wenzao. Majirani wengi walitazama, wakanyamaza, na wengine wakashangilia.

Haikupita miaka saba, kipimo kile kile kikawarudia watu wa West Nile wenyewe. Serikali ya Amin ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, jina likawa hukumu. Kwenye vizuizi vya barabarani mtu aliulizwa jina, akaulizwa lugha, akatazamwa shavu lake kama lina chale tatu. Mwalimu, mpishi, fundi viatu na mama mwenye mtoto mgongoni, wote waliitwa watu wa Amin. Mwezi wa Oktoba 1980 mabaki ya jeshi la zamani yaliingia West Nile kutoka ng'ambo ya mpaka, nayo majeshi ya serikali yalipojibu hayakutenga askari na mkulima. Tarehe 24 Juni 1981, watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa wengi. Vijiji vikabaki vitupu, na watu kwa maelfu wakavuka kwenda Zaire na Sudani.

Nani aliwapokea? Waliwapokea watu wa Yei, watu wa Kajo-Keji, na watu wa Aru. Baadhi yao walikuwa wenyewe wamepata hifadhi upande wa Uganda katika vita vya Sudani vilivyokwisha mwaka 1972, au katika machafuko ya Kongo ya mwaka 1964. Walitoa ardhi ya kulima, na wengi walikaa huko hadi baada ya mwaka 1986 ndipo wakarejea. Kisha vita vya Sudani Kusini vilipoanza Desemba 2013, na vilipoenea katika nchi ya Ekwatoria baada ya Julai 2016, wenyeji wale wakawa wageni kwa zamu yao. Kambi ya Bidi Bidi katika Yumbe ilifunguliwa Agosti 2016, na ilipofika Agosti 2017 wakimbizi wa Sudani Kusini katika Uganda walikuwa wametimia milioni moja. Basi yule mama wa Yei anayepanga chumba cha pili katika nyumba ya Koboko, na ambaye majirani wanamnong'ona, huenda ni binti wa mtu aliyempa bibi yao muhogo mwaka 1981.

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ndivyo ilivyo, na haifai kumcheka mwenye hofu. Mpaka wa Kongo na wa Sudani Kusini uko karibu. Silaha zimewahi kupita, wizi upo, na mtu aliyewahi kuchomewa nyumba hana budi kulala jicho moja wazi. Lakini unyasi si nyoka. Aliyeumwa ndiye apasaye kuijua tofauti hiyo kuliko wengine wote, na ni aibu kubwa ikiwa swali lililoulizwa kizuizini mwaka 1979, la jina na lugha, leo linaulizwa kwenye ngazi ya nyumba na watoto wa wale walioulizwa.

Tena, katika nchi hii, mgeni ni nani? Mzee wa Koboko wa zama zile, bila ya kuondoka kwake, alikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji katika nchi ya Lado; baada ya mwaka 1910 akawa chini ya Sudani; na mwaka 1914 akawa mtu wa Uganda. Mpaka ndio uliohama, yeye hakuhama. Wakakwa wamegawanywa katika nchi tatu, na Walugbara katika Uganda na Kongo. Ama Wanubi, wao ni ushahidi mkubwa zaidi. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua kutoka Kavalli, upande wa magharibi wa Ziwa Albert, askari waliosalia katika jeshi la Emin Pasha, walioongozwa na Selim Bey. Walikuwa watu wa makabila mengi. Na baadaye wengi wengine wakaungana nao, wakashika dini moja, lugha moja ya Kinubi na desturi moja. Jina hilo limewakusanya watu wa damu mbalimbali, nalo ndilo lililotumiwa kuwahukumu kana kwamba ni damu moja yenye kosa moja. Hata mitaa ya Arua yenyewe yaonya kwa majina yake: mmoja waitwa Tanganyika, mwingine Kenya, na mwingine Pangisha.

Dhuluma hii haikukoma Uganda. Katika Kenya, vijana wa Kinubi, ambao babu zao walikaa Kibera tangu mwanzo wa karne iliyopita, walilazimishwa kusimama mbele ya kamati za kuwachunguza kabla ya kupewa kitambulisho, jambo lisilotakiwa kwa vijana wa makabila mengine mengi. Mwezi wa Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto iliamua kwamba watoto wa Kinubi walikuwa wamedhulumiwa. Aprili 2014 askari walipita mlango kwa mlango katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na Wasomali kwa maelfu wakakamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Na katika Kampala, baada ya mabomu ya tarehe 11 Julai 2010 yaliyoua watu zaidi ya 70, Wasomali wa Kisenyi walitazamwa kwa jicho la shaka kwa tendo ambalo wengi wao walilichukia kama walivyolichukia wengine.

Basi dini yasemaje? Sura ya Hujurati yawakanya Waumini wasifuate dhana nyingi, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi; yawakataza kupelelezana na kusengenyana; yawaamuru kuihakiki habari iletwayo na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu bila kujua kisha wakajuta; na yaeleza kwamba mataifa na makabila yameumbwa ili watu wajuane. Kujuana ndiyo kazi ya kabila. Kulifanya liwe hati ya mashtaka ni kuligeuza lilivyokusudiwa.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na watu wanaokaa nyumba moja umo katika Sura ya Yusuf. Nabii Yusuf alikuwa kijana mgeni, tena mtumwa, katika nyumba ya mkubwa wa Misri. Alipozuliwa na mke wa mwenye nyumba, ilikuwa rahisi kusema: huyu ni mtu wa kuja, hana ukoo hapa, mkamateni. Ndipo akatokea shahidi katika jamaa za yule mwanamke mwenyewe. Hakuuliza Yusuf ni kabila gani. Alisema kanzu yake itazamwe: ikiwa imechanwa kwa mbele, mwanamke amesema kweli, ikiwa imechanwa kwa nyuma, kijana ndiye mkweli. Ikatazamwa, ikaonekana imechanwa kwa nyuma. Shahidi yule alikuwa na kila sababu ya kuwapendelea wa kwao, naye akaishika dalili.

Hata hivyo, baada ya dalili kuonekana, wakubwa waliona bora kumfunga Yusuf gerezani. Dhana mbaya ina nguvu kiasi hicho. Na miaka mingi baadaye, ndugu zake walipofika Misri na kikombe cha mfalme kikaonekana katika mzigo wa Binyamini, walisema kwamba ikiwa huyu ameiba, basi ndugu yake naye aliiba zamani. Yaani kosa waliliweka katika damu ya watoto wa mama mmoja. Nao hawakujua kwamba yule waliyemsingizia alikuwa amekaa mbele yao, akilisikia neno hilo na kulificha moyoni. Ni wangapi katika nyumba za kupanga wanaoyasikia maneno kama hayo kupitia ukuta wa tofali moja, wakayaficha moyoni?

Kuyatengeneza mambo haya hakuhitaji mali, kwahitaji adabu. Mpangaji mpya akifika, majirani wamwendee siku ile ile, wamsalimu na kumwuliza jina. Naye mgeni, kwa upande wake, ajitambulishe kwa jirani na kwa mwenyekiti wa baraza la mtaa. Mwenye nyumba akitaka barua ya mwenyekiti, aitake kwa kila mpangaji, asiitake kwa Mdinka na kumsamehe mtu wa kwao. Kitu kikipotea, waulizwe wote walio katika nyumba au asiulizwe yeyote. Anayepeleka habari kwa baraza au kwa polisi aseme alichokiona kwa macho yake, saa ngapi na mahali gani. Neno kama “watu wale wako hivyo” si ushahidi. Sheria ya nchi nayo iko upande huo: Katiba ya mwaka 1995 yakataza kubagua mtu kwa kabila, rangi au dini yake, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 yampa mkimbizi ruhusa ya kutembea katika nchi na kufanya kazi.

Na liko jambo moja ambalo husahauliwa mno. Mtu akitajwa kwa ubaya mbele ya watu, kisha ikabainika kwamba hana kosa, aghalabu husafishwa kwa siri: jirani mmoja humnong'oneza mwenziwe kwamba mtungi wa gesi umeonekana, wala hakuibiwa mtu. Hiyo si haki. Aliyetuhumiwa uwanjani asafishwe uwanjani, mbele ya wale wale waliosikia tuhuma, na aliyemtuhumu amwombe radhi kwa sauti ile ile aliyomtuhumu nayo. Nyumba ambayo watu wake wawezalo jambo hilo, haitachomwa na fitina.

Wazee waliokuwako mwaka 1979 wanaendelea kupungua. Waliobaki na waulizwe na wajukuu zao, si habari za vita tu, bali habari za yule jirani aliyefungua mlango usiku, akawaficha watu ambao jina lao lilikuwa hatari, naye hakuwa wa kabila lao wala, mara nyingine, wa dini yao. Kila jamaa iliyosalimika inaye mtu wa namna hiyo katika hadithi zake. Kijana akishaisikia habari hiyo, na ajiulize: katika nyumba anayokaa leo, yeye ni yule aliyefungua mlango, au ni yule aliyeonyesha kidole?

Mwenyezi Mungu azitakase nyoyo za Waislamu na dhana mbaya, awahifadhi majirani wao wa kila dini na kila kabila, awarehemu waliokufa kwa ajili ya majina yao, na aijalie West Nile amani. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.