Ukali wa Pilipili Hauilindi Pilipili

Haya ni mazungumzo ya Afisa Kilimo wa Halmashauri mbele ya wakazi wa kata, katika mkutano wa hadhara uliofanyika kabla ya mvua za masika. Tunayachapisha kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Wahenga walisema, “Pilipili usiyoila yakuwashiani?” Mimi nasema kwamba pilipili hii twaila sote, basi hapana budi ituhusu sote. Yule anayeilima, yule anayeisaga, yule anayeiuza gengeni na mtoto anayechovya muhogo wake ndani yake, wote wanakula katika sahani moja.

Katika mkoa wetu huu wa Tanga ni nadra kuuona ua usio na shina la pilipili. Wengine wana mashina mawili ya pilipili mbuzi nyuma ya jiko. Wengine wana robo eka ya pilipili kichaa inayolipa ada na kununua sare za shule. Miche iliyohamishiwa shambani wakati wa vuli huanza kuiva baada ya miezi mitatu hivi, kisha huendelea kuzaa kwa miezi kadhaa. Maana yake ni kwamba mavuno makubwa huja kukutana na masika. Wakati ule soko limefurika, bei imeanguka, jua limejificha, na mkulima asiye na namna ya kuhifadhi hana hiari: atauza kwa bei ya kutupa au atazitazama zikioza.

Kwa hiyo watu hukausha, husaga na hutia kwenye chupa. Ni jambo jema. Lakini nimekuta imani moja ambayo ndiyo iliyonileta hapa leo. Husemwa kwamba pilipili ni kali mno, hata haiwezi kuingiwa na uharibifu. Kwamba ukali wake ni dawa yake. Ndugu zangu, imani hiyo si ya kweli, na inaweza kutugharimu afya na soko.

Ni kweli kwamba ule ukali, ambao wataalamu huuita kapsaisini, ni silaha ya mmea. Humzuia mnyama kutafuna tunda, huku ndege wakilila bila kuwashwa na kuzisambaza mbegu. Ungalipo shinani, ukali huo husaidia kwa kiasi fulani hata dhidi ya baadhi ya kuvu. Lakini tunda lililochumwa, likalundikwa na unyevu wake, hukamatwa na kuvu wengine wasiojali ukali huo. Miongoni mwao wamo wanaotengeneza sumukuvu.

Sumukuvu tunaifahamu. Mwaka 2004 iliua watu 125 katika maeneo ya mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikazua maafa katika mikoa yetu ya Dodoma na Manyara. Chanzo katika mikasa hiyo kilikuwa mahindi, nasi hatuli pilipili kwa wingi tunaokula ugali. Hata hivyo, sumu ni ileile. Haina harufu wala ladha, hushambulia ini, na mtu anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiweka katika hatari ya saratani ya ini. Moto wa jikoni hauimalizi. Kinu nacho hakiifuti, bali huificha tu, kwa maana pilipili iliyoota ukungu ikishasagwa pamoja na nzuri, hapana jicho litakaloitambua.

Kukausha

Nianze na njia tuliyoizoea. Chuma pilipili zilizoiva wekundu mtupu, umande ukishakauka. Usivute kwa nguvu. Acha kikonyo kibaki, kwani pale kinapong'oka ndipo mlango wa ukungu unapofunguka. Chambua siku hiyohiyo. Iliyopasuka, iliyotobolewa na wadudu au iliyookotwa chini isichanganywe na nzima. Osha kwa maji safi, kisha acha zichuruzike maji yote.

Usizianike ardhini, wala kando ya barabara, wala juu ya turubai lililotandikwa penye kuku na mbuzi. Tengeneza kichanja cha miti kinachofika kiunoni, utandike wavu safi juu yake ili hewa ipite chini na juu. Tandaza safu moja tu, ufunike kwa chandarua au kitambaa chepesi dhidi ya nzi na vumbi. Geuza mara kadhaa kwa siku. Alasiri, kabla umande haujashuka, ingiza ndani. Pilipili mbuzi, kwa kuwa ina nyama nene, ipasuliwe vipande viwili. Ikianikwa nzima hukauka ngozi huku ndani ikichacha.

Wakati wa masika jua la kichanja halitoshi. Hapo ndipo lilipo hitaji la kaushio la jua: sanduku au kibanda kilichofunikwa kwa nailoni angavu, chenye tundu la hewa chini na jingine juu. Hewa huingia ikiwa baridi, hupata joto, hubeba unyevu na kutokea juu. Likitengenezwa vizuri, joto lake hufika nyuzi 50 hadi 60 za selisiasi kukiwa na jua, na mvua ya ghafla haigusi kilichomo. Vikundi vya kata hii vinaweza kujenga moja kwa pamoja na kupeana zamu.

Watu huniuliza, “Zianikwe siku ngapi?” Siwapi idadi ya siku, kwa sababu jua halina mkataba nasi. Nawapa dalili. Pilipili iliyokauka huvunjika kwa mlio, na ukiitikisa, mbegu hugonga ndani. Ikipinda kama ngozi, bado. Kisha fanyeni jaribio hili: tieni kiasi kidogo katika chupa angavu ya kioo, fungeni kifuniko, mwiache mpaka asubuhi. Mkiona ukungu wa maji umetanda kwenye kioo, zirudisheni juani zote. Pilipili iliyokauka nusu ni hatari kuliko mbichi. Mbichi huoza mbele ya macho yako ukaitupa. Ya nusu huota kuvu gizani, ndani ya gunia, nawe ukidhani umehifadhi.

Zikikauka, ziache zipoe kabla ya kuzifunga, kwani zikifungwa na joto hutoa jasho. Zihifadhiwe katika chombo kisichopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta. Utakazokuta zimeota ukungu usizisage na wala usiwape kuku. Zifukie.

Siki, ndimu na chumvi

Njia ya pili ni uchachu. Vijidudu wabaya zaidi hawawezi kukua katika chakula kilicho chachu vya kutosha, na kipimo kinachokubalika duniani ni pH isiyozidi 4.6. Nunueni siki ambayo kibandiko chake kinaonyesha asilimia 5 ya asidi. Ikichanganywa na maji, siki ibaki kuwa nyingi kuliko maji. Pilipili nzima itobolewe au ipasuliwe kidogo ili siki ifike ndani. Isipopenya, nje kutakuwa salama na ndani kutakuwa na hatari. Chupa zichemshwe kwa dakika 10 kabla ya kujazwa. Msitumie sufuria za alumini kuhifadhia, kwani siki na ndimu huzila, tumieni kioo. Achari ya ndimu na pilipili waliyotuachia bibi zetu imesimama juu ya kanuni hiihii: maji ya ndimu ni makali kuliko siki nyingi za dukani, na chumvi huongeza ulinzi.

Njia ya tatu ni chumvi na uchachushaji. Kila kilo ya pilipili iliyosagwa ichanganywe na gramu 50 za chumvi, iwekwe kwenye chupa isiyojazwa mpaka mdomoni, na kilichomo kibaki chini ya maji yake. Baada ya siku chache kitatoa mapovu. Legezeni kifuniko kila siku ili hewa itoke. Bakteria wema wanakuwa kazini humo, wakitengeneza asidi. Baada ya wiki mbili au tatu harufu itakuwa ya uchachu safi, na hapo ongezeni siki na kufunga. Ikitoa harufu ya uozo, au ikiota manyoya ya kijani au meusi, itupwe yote.

Sasa nawaomba masikio yenu kwa namna ya pekee. Imeenea desturi ya kusaga pilipili mbichi na vitunguu saumu, kumimina mafuta, na kuweka chupa kabatini kwa wiki kadhaa. Mafuta huzuia hewa, pilipili na saumu huleta maji, uchachu haupo. Hayo ndiyo makazi ya kijidudu kinachosababisha botulizimu, ugonjwa unaopoozesha misuli hadi ile ya kupumulia. Mwaka 1977, katika mji wa Pontiac, jimbo la Michigan nchini Marekani, zaidi ya watu 50 waliugua baada ya kula mgahawani pilipili zilizofungwa kienyeji kwenye chupa bila kanuni sahihi. Pilipili zile zilikuwa kali, na ukali haukuwafaa kitu. Anayetaka pilipili ya mafuta atengeneze kidogo, aiweke kwenye jokofu, na aimalize katika siku chache. Asiye na jokofu atumie siki.

Mikono na mfuko

Kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji, bali huyeyuka katika mafuta. Ndiyo maana mtu hunawa mara tatu na bado jicho likamwaka. Vaeni glavu, msipokuwa nazo, jipakeni mafuta ya kula mikononi baada ya kazi, kisha nawieni sabuni. Sagieni nje, mkiupa upepo mgongo, watoto wakiwa mbali.

Kuhusu mfuko, fanyeni hesabu kabla ya kuanika. Kilo tano hivi za pilipili mbichi hutoa kilo moja kavu. Ikiwa bei ya kilo kavu haizidi mara tano ya bei ya mbichi, uzeni mbichi. Mtakuwa mmeokoa jasho lenu. Ikizidi kwa kiasi cha kulipa kazi na vifungashio, kausheni. Na mkilenga masoko ya mbali, jueni kwamba Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu katika kilo moja ya pilipili kavu, yaani sehemu 10 katika sehemu bilioni. Gunia moja la mtu mmoja aliyefanya haraka laweza kuurudisha mzigo wa kijiji kizima.

Kwa sababu hiyo, jambo hili si la mtu na ua wake peke yake. Afisa Ugani wa Kata yupo kuwaonyesha namna ya kujenga kaushio. Afisa Afya yupo kuwashauri juu ya usafi wa mahali pa kusindikia. Wanaotaka kuuza kwa chupa na vibandiko waende SIDO kwa mafunzo ya usindikaji, na TBS kwa usajili na alama ya ubora. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vina haki ya kuomba mkopo usio na riba kutoka katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kaushio, mizani na chupa ni vitu vinavyoweza kuandikwa katika andiko la mradi. Utaratibu mtaupata kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata.

Ndugu zangu, anayenunua pilipili ya unga hawezi kuona ilikotoka. Ananunua uaminifu wa mkono ulioichambua. Mkono huo ni wenu. Mvua zimekaribia, jengeni vichanja sasa, kabla tunda la kwanza halijawa jekundu.