Kumaliza Dawa ya Kifua Kikuu



Nataka kusema juu ya maradhi ya kifua kikuu. Zamani mgonjwa alitibiwa mwaka mzima au zaidi. Katika mwaka 1972 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, yakaonyesha kuwa miezi 6 yatosha, mradi rifampisini imo katika dawa.

Siku hizi mgonjwa humeza dawa za namna 4 kwa miezi 2, kisha namna 2 kwa miezi 4, bila malipo katika hospitali za serikali. Mkojo ukigeuka mwekundu asishtuke. Ni rangi ya dawa.

Taabu huanza mwezi wa pili. Kikohozi hutulia, mwili hunawiri, na mvuvi wa Diani hujiona amekwisha kupona, akarudi baharini na vidonge akaviacha nyumbani. Kumbe vijidudu vingine vingali hai. Hivyo huongezeka tena, pengine vimekwisha kuizoea dawa, na mkewe na watoto wanalala chumba kimoja naye.

Chama chetu hutoa sanda na gharama za mazishi pasipo kusitasita, na ni vyema. Mimi naomba kitoe pia nauli ya kwenda Msambweni kuchukua dawa, na kila mgonjwa awekewe mtu wa nyumbani wa kumtazama akimeza, mpaka mwezi wa 6 makohozi yake yapimwe tena. Ombi hili naliweka mbele ya kamati.